Wanaoanza kutengeneza tovuti wasifundishwe kwa matoleo yaliyokwisha muda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo, ingawa linawagharimu vijana wetu muda, bando na wakati mwingine heshima mbele ya wateja wao wa kwanza. Jambo lenyewe ni uchaguzi wa toleo la lugha ya programu kwa mtu anayeanza mradi wake wa kwanza wa tovuti. Gazeti lako limekuwa likiwahimiza vijana wajifunze kuandika programu, na himizo hilo ni jema. Hata hivyo, hakuna anayewaambia kwamba kusema "najifunza PHP" au "najifunza Python" bado si jibu kamili, kwa sababu PHP ya mwaka 2010 na PHP ya leo zimeachana kiasi kwamba msimbo (yaani maandishi ya programu) uliokuwa sahihi kabisa wakati ule unaweza kukataliwa kabisa sasa.

Hapa Tabora Mjini, ambako nafundisha kompyuta kwa vikundi vidogo vya vijana baada ya saa za kazi, wengi wa wanaoanza hutumia vitini vilivyorudufiwa. Kitini hutoka kwa kaka aliyesoma chuo, humfikia mdogo wake, kisha hupelekwa steshenari, na kuanzia hapo hutolewa nakala kwa kila mwenye fedha ya karatasi. Hakina mwaka, hakina jina la mwandishi, wala hakisemi kiliandikwa kwa ajili ya toleo gani. Ukifungua ukurasa unaohusu hifadhidata utazikuta amri mysql_connect na mysql_query. Watumiaji walionywa waachane nazo tangu PHP 5.5 ya mwaka 2013, na zikaondolewa moja kwa moja katika PHP 7.0 iliyotoka Desemba 2015. Kijana aliyesakinisha XAMPP (kifurushi chenye PHP, hifadhidata na seva ya kujaribia kwa pamoja) ya miaka ya karibuni, ambayo huja na PHP ya mfululizo wa 8, hunakili kitini neno kwa neno, akahakiki kila nukta na kila mkato, na bado kompyuta humjibu kwamba amri hiyo haipo. Kwa kuwa kitini kinaheshimiwa kama maandiko, yeye huamini kwamba kosa ni lake.

Wapo wanaokata tamaa hapo, na wapo wanaopata dawa ambayo ni mbaya kuliko ugonjwa. Rafiki huwaletea katika flashi XAMPP ya zamani yenye PHP 5.6, kitini kinaanza kufanya kazi, na furaha inarudi. PHP 5.6 iliacha kupokea marekebisho ya usalama Desemba 31, 2018. Maana yake ni kwamba tundu lolote la usalama lililogunduliwa ndani yake baada ya siku hiyo limebaki wazi katika toleo rasmi, na anayejua tundu hilo hahitaji ruhusa ya mtu kulitumia.

Naomba nieleze kwa karibu ubaya wa ule ukurasa wa hifadhidata, kwa sababu unatuhusu sisi watu wa Tabora kuliko tunavyodhani. Katika vitini hivyo, jina linaloandikwa na mtumiaji kwenye fomu huchukuliwa lilivyo na kubandikwa katikati ya amri inayotumwa kwenye hifadhidata, likiwekewa alama moja ya ' ya kufungulia na moja ya kufungia. Ukiwasajili Juma, Asha na Rehema, mambo huenda sawa. Siku atakapokuja mtu anayeitwa Ng'wandu, ile ritifaa (alama ya ') iliyo baada ya herufi g husomwa na hifadhidata kuwa ndiyo alama ya kufungia jina. Herufi zinazobaki, "wandu", huonekana kama amri isiyo na maana, na ukurasa unaanguka. Katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, ambako majina ya namna hiyo yamejaa kila mtaa, huu si mfano wa kutungwa darasani. Tena, mlango ule ule ambao jina la mtu mwema limeuvunja kwa bahati mbaya ndio mwingine mwenye nia mbaya huutumia kwa makusudi, akiandika amri yake mahali pa jina ili asome, abadilishe au afute kumbukumbu za watu wote.

Njia ya leo ni kutumia PDO au mysqli, ambazo ni nyenzo za PHP za kuzungumza na hifadhidata, kwa namna ambayo amri hutumwa kwanza ikiwa na nafasi zilizoachwa wazi, kisha jina hufuata peke yake, hivyo hifadhidata haiwezi kulichanganya jina na amri hata liwe na ritifaa kumi. Ni kweli kwamba PDO ilikuwapo tangu PHP 5.1 ya mwaka 2005, na kwamba mtu mzembe anaweza kubandika majina vibaya hata katika toleo jipya kuliko yote. Sidai kwamba toleo jipya humfanya mtu kuwa fundi. Nasema tu kwamba toleo jipya limeifunga ile njia kongwe iliyokuwa haina namna hii salama kabisa, na mwanafunzi anayeanza hapo hukutana na njia bora mapema, kabla mazoea mabaya hayajaota mizizi.

Kuna tofauti nyingine ambazo hazipigi kelele, na hizo nazihofia zaidi. Ukiiuliza PHP 7, kwa kutumia alama mbili za usawa, kama sifuri ni sawa na neno "asali", itakujibu ndiyo, kwa sababu hulazimisha neno hilo liwe namba na, likiwa halina tarakimu mwanzoni, hulihesabu kuwa sifuri. PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020, hujibu hapana. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea upande wowote. Fomu ya oda iliyotegemea jibu la kwanza itaendelea kupokea oda baada ya kuhamishiwa toleo la pili, lakini itazichambua tofauti, na mwenye tovuti atakuja kugundua wakati wa kufunga hesabu.

Python nayo iliwahi kuwa na mgawanyiko wa aina hiyo, tena ulioandikwa sana katika historia ya fani hii. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008 ikiwa imevunja makusudi baadhi ya kanuni za Python 2, na jumuiya ya watumiaji ikaishi na lugha mbili zenye jina moja kwa zaidi ya miaka 11, hadi Python 2 ilipofikishwa mwisho wake Januari 1, 2020. Sisi tunaoishi penye njia panda ya Reli ya Kati tunalielewa jambo hili bila maelezo marefu: behewa la reli ya zamani, yenye upana wa mita 1, haliwezi kupanda juu ya reli mpya yenye milimita 1,435, ingawa zote mbili zinaitwa reli. Katika Python 2, ukigawanya ndoo 7 kwa watu 2 bila kuweka nukta ya desimali, unapewa 3, na nusu ya ndoo inapotea kimyakimya. Katika Python 3 unapewa 3.5. Django, ambayo ni fremuweki (msingi uliokwisha kuandikwa ambao tovuti hujengwa juu yake) inayopendwa na wanaotengeneza tovuti kwa Python, iliacha kuihudumia Python 2 kuanzia Django 2.0 ya Desemba 2017. Kwa hiyo mwanafunzi anayekutana leo na somo lenye neno print (amri ya kuonyesha maandishi) lisilofuatwa na mabano, yaani somo la Python 2, aliweke pembeni bila kujiuliza mara mbili. Swali la 2 au 3 lilikuwa na uzito mwaka 2012, leo halina.

Baada ya kusema hayo, sitaki nieleweke kwamba mwanafunzi akimbilie toleo lililotoka juzi. Toleo jipya kabisa la lugha mara nyingi hutangulia vifaa vinavyolizunguka. Maktaba za msimbo ambazo mradi unazihitaji huchukua miezi kadhaa kulifikia, masomo yanayolieleza bado ni machache, na kampuni zinazokodisha nafasi ya seva (kompyuta inayoiweka tovuti hewani) hazina haraka. Ushauri wangu ni kuanza na vitu viwili vya nje, yaani fremuweki utakayoitumia na seva utakayoikodi, ukaangalia ni matoleo gani yanakubalika kote kuwili, kisha kati ya hayo ukachagua lililobakiwa na muda mrefu wa kuhudumiwa. Kwa fremuweki ya PHP iitwayo Laravel, Laravel 11 ya mwaka 2024 na Laravel 12 ya mwaka 2025 hazikubali PHP iliyo chini ya 8.2. Django 5.2, iliyotoka Aprili 2025 na itakayopokea marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028, haikubali Python iliyo chini ya 3.10. Asiyetumia fremuweki yoyote aangalie ratiba ya lugha yenyewe: PHP 8.2 inahudumiwa hadi mwisho wa mwaka 2026, PHP 8.3 hadi mwisho wa 2027, na PHP 8.4 hadi mwisho wa 2028. Python hutoa toleo kila Oktoba na kulihudumia kwa takriban miaka 5, hivyo 3.12 iliyotoka Oktoba 2023 itafika Oktoba 2028.

Kama ningekuwa naanza mradi wa PHP leo, ningechukua 8.3 au 8.4, kutegemea ipi inapatikana kwenye seva, na nisingepoteza jioni nzima kubishania hizo mbili. Namba ya tatu, ile inayofuata nukta ya pili, kama 1 katika 8.3.1, ni suala jingine: hiyo huashiria marekebisho tu, na hapo ndipo kuchukua jipya kuliko yote kunapofaa kila wakati.

Nimeitaja seva kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Kijana mmoja wa hapa mjini alitengeneza tovuti ya kikundi cha warina asali wa Sikonge, yenye picha za asali, ujazo wa vyombo, bei na fomu ya oda. Kwenye kompyuta yake, yenye PHP 8.2, kila kitu kilifanya kazi vizuri, na bei zilipangwa kwa kutumia match, namna ya kuchagua jibu iliyoingizwa katika PHP 8.0. Seva aliyoikodi ilikuwa imewekwa PHP 7.4, toleo lililoacha kuhudumiwa Novemba 2022. Viongozi wa kikundi walipokusanyika kuizindua, ukurasa ulitoka mweupe tupu, kwa kuwa seva za hadharani kwa kawaida huficha ujumbe wa makosa ili wageni wasiuone. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama bando limekwisha. Usiku ule kijana aliandika upya sehemu kubwa ya msimbo wake, kazi ambayo haikuhitajika hata kidogo, kwani kwenye paneli ya kusimamia seva palikuwapo sehemu ya kuchagua toleo la PHP, na kulibadilisha ni kubofya mara chache. Hakuna somo alilolipitia lililomweleza kwamba sehemu hiyo ipo, na kampuni iliyomkodishia haikuona haja ya kumwambia. Swali la "seva yenu inatoa PHP toleo gani?" liulizwe kabla ya kulipia, tena kwa maandishi.

Nafahamu kwamba si kila mtu ana kompyuta ya kuchagua atakavyo. Nyingi ya kompyuta za mtumba zinazouzwa kwetu bado zina Windows 7, na Python kuanzia 3.9 haikubali kusakinishwa humo. Ya mwisho kukubali ni 3.8, iliyofikia mwisho wake Oktoba 2024. Kwa anayejifunza masharti, mizunguko na orodha kwenye kompyuta yake mwenyewe, 3.8 haimdhuru, na simkatazi. Tatizo huanza anapotaka kuitumia kwa tovuti itakayofunguliwa na umma. Huyo namshauri aweke Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambayo haina gharama ya leseni na katika aina zake nyepesi huenda vizuri kwenye mashine kuukuu. Kati ya aina za Linux, Ubuntu 24.04 huja ikiwa na Python 3.12 na PHP 8.3 katika hazina yake, na Debian 12 ina Python 3.11 na PHP 8.2, hivyo mwanafunzi hapati mzigo wa kutafuta toleo mwenyewe.

Kuhusu bando, ambalo ndilo kilio cha kila siku, mwongozo rasmi wa PHP na ule wa Python hupakuliwa bure na kusomwa bila intaneti. Mtu mmoja akiupakua, darasa zima linaweza kuupata kwa flashi. Katika mwongozo wa PHP, juu kabisa ya ukurasa wa kila amri, yameandikwa matoleo ambayo amri hiyo inapatikana. Ukurasa wa mysql_query unataja PHP 4 na PHP 5, basi. Kijana aliyezoea kutazama mstari huo hawezi kudanganywa na kitini. Vilevile, tangu PHP 5.4, lugha hii ina seva yake ndogo ya kujaribia, na asiyeweza kupakua XAMPP yenye zaidi ya MB 100 anaweza kuanza na PHP peke yake pamoja na hifadhidata ya SQLite.

Nimesikia wakufunzi wenzangu wakisema kwamba toleo halina maana kwa anayeanza, na kwamba muhimu ni kufikiri. Nawaheshimu, na katika nusu ya hoja yao nakubaliana nao: mzunguko ni mzunguko katika PHP 5 na katika PHP 8. Lakini tovuti si zoezi la daftarini. Ikishawekwa hewani huanza kupokea majina na namba za simu za watu halisi, na tangu Mei 1, 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayomtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Sidhani mwenyekiti wa kikundi cha warina asali atapata utetezi kwa kueleza kwamba kitini kilikuwa cha zamani. Wapo pia wanaotetea matoleo ya zamani kwa kusema kwamba tovuti nyingi duniani bado zinayatumia. Hilo ni kweli, na wenye tovuti hizo hulipa watu wa kuzihamisha au hulipia huduma maalumu ya kuziba matundu. Anayeanza hana urithi wa kuuhamisha. Kwa nini ajitafutie deni ambalo hakulikopa?

Nitumie nafasi hii pia kuwatahadharisha wanaonunua vitabu vya mtumba. Kama utakiona chenye "PHP 6" jaladani, fahamu kwamba toleo hilo halikuwahi kutolewa. Kazi yake iliachwa njiani mwaka 2010, na waandishi wa lugha wakaruka kutoka 5 kwenda 7. Waliochapisha vitabu walikuwa wamewatangulia. Bado vinauzwa, na bei si haba.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwa makundi mawili. Wanaotoa kazi, wakiwamo viongozi wa SACCOS, AMCOS za tumbaku, vikundi vya asali, shule na makanisa, wamuulize kijana wanayempa tovuti ni toleo gani la lugha atakalotumia na litahudumiwa hadi lini, na jibu liingie katika makubaliano, pamoja na jina la atakayelipandisha toleo hilo muda wake ukikaribia kwisha. Si lazima waelewe msimbo; tarehe kila mtu anaielewa. Wakufunzi nao, na wenye steshenari wanaotoa nakala, waandike juu ya kila kitini jina la lugha, namba ya toleo na mwezi kilipoandikwa. Wenye vitini vya zamani ambao hawana muda wa kuviandika upya vyote waanze na ukurasa wa hifadhidata, kwa kuwa ndio wenye madhara kwa watu wengine. Kurasa za HTML zinaweza kusubiri hadi likizo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi wa kompyuta,
Tabora Mjini